Palmer wangu wa bob 3 anaua ligi yetu

Wacha nianze kwa kukiri, ndio baadaye mtu asiseme nilificha. Mimi ndiye mwenye Cole Palmer. Nilimpata kwa bob 3. Na kwa sheria za ligi yetu venye ziko sai, msimu huu naweza kumbakisha kwa bob 13, wakati kila mtu kwenye group anajua kwamba akirudi mnadani hatoki chini ya 40.

Wiki iliyopita msee mmoja wetu wa Kayole aliandika kwenye WhatsApp maneno mawili tu: "Mimi nimetoka." Hakuna emoji, hakuna matusi, hakuna hata "GG". Tumekuwa naye tangu ligi ianze Agosti 2022. Nimekaa na hayo maneno mawili siku sita, na hii ndiyo maoni yangu: tatizo si yeye, tatizo ni hesabu yetu. Na mimi ndiye nimekula matunda yake.

Kwa wale hawajui tunacheza nini. Wengi wenu mko kwenye FPL ya kawaida, ile ya milioni 100, wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka timu moja. Huko mimi na wewe na watu wengine zaidi ya milioni 11 duniani tunaweza sote kuwa na Haaland. Yetu ni ya mnada. Tuko watu kumi, kutoka Umoja, Donholm, Komarock, Kariobangi na Kayole. Kila mtu anaingia na bob 200 za karatasi, tunakaa kwa sebule ya mtu, tunaita jina, watu wanapandisha dau. Ukishinda Haaland, ni wako peke yako. Mwingine akimtaka, atakuja kukubembeleza. Pointi tunahesabu zilezile za FPL. Pesa halisi ni thao moja kila mtu mwanzo wa msimu, anatumiwa mweka hazina kwa M-Pesa, na anayemaliza wa kwanza anachukua sehemu kubwa.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Msimu ukiisha, hauachi wote. Unaruhusiwa kubakisha wachezaji watatu. Wazungu humwita mchezaji kama huyo kipa, na siku ya kwanza nilipoeleza hilo neno, nusu ya group ilianza kubishana kuhusu Alisson na Ederson. Kwa hivyo tunamwita "wa kubaki". Na kila wa kubaki anaongezwa mshahara. Swali ambalo limetufikisha mahali tuko ni moja: anaongezwa ngapi?

Sisi tulisema bob 5 kila msimu. Ukiniuliza kwa nini 5, jibu la ukweli ni kwamba tuliiona mahali tukaikopi. Hiyo 5 ina historia, lakini si yetu. Mwaka wa 1980, mwandishi Mmarekani anaitwa Daniel Okrent na marafiki zake walianzisha mchezo wa mnada wa wachezaji wa besiboli New York, na wakaupa jina la mkahawa ambapo walikuwa wakikutana, La Rotisserie Française. Kila mtu alikuwa na bajeti yake ya dola za kununua wachezaji. Kwenye sheria zao, ukitaka kumfunga mchezaji kwa mkataba mrefu, mshahara wake unapanda dola 5 kwa kila mwaka wa ziada. Ndiyo hiyo 5. Imetoka besiboli ya New York ikatua sebuleni Umoja bila mtu kuuliza kama inatutosha.

Haikututosha. Angalia.

Agosti 2022, jamaa wa Kariobangi alimnunua Haaland bob 58. Tulimcheka. Haaland akafunga mabao 36 kwenye ligi, rekodi ya msimu mmoja wa Premier League, tukanyamaza. Kwa sheria ya 5, akawa 63, halafu 68, na msimu huu ni 73.

Septemba 2023, Palmer ametoka Manchester City kwenda Chelsea siku ya mwisho ya dirisha. Mnada wetu mkubwa ulikuwa umeshapita, kwa hivyo alikuwa kwenye mnada mdogo wa kila wiki, ule wa Ijumaa. Nikaweka bob 3. Msimu huo akafunga mabao 22 na kutoa asisti 11, na hakuna mchezaji mwingine aliyepata pointi nyingi kumliko kwenye FPL nzima. Nikachukua kikombe. Mwaka uliofuata nikambakisha kwa bob 8.

Sasa shika hii vizuri. Agosti 2024 nilikuwa na Palmer wa bob 8, kwa hivyo nilikuwa na pesa ya kupigana. Nikamnunua Salah bob 54. Salah na Palmer pamoja: bob 62. Yule wa Kariobangi alikuwa amelipa 68 kwa Haaland peke yake. Unajua Salah alifanya nini msimu huo: mabao 29, asisti 18. Nikashinda tena.

Na msimu huu? Salah 59, Palmer 13, jumla 72. Haaland 73. Bado wawili wangu ni rahisi kuliko mmoja wake.

Sijavunja sheria yoyote. Nimeifuata hadi nukta. Lakini kuna mambo yanaweza kuwa halali na bado yakaua kitu.

Katibu wetu, dada mmoja wa Donholm ambaye hesabu zake hazina mchezo, aliniambia usoni: "Wewe bro, unataka tucheze ligi ama tukuangalie ukicheza?" Nikacheka. Baadaye nikiwa kwa mat narudi home nikaona hakukuwa na kitu cha kucheka. Wote mnajua chama. Mathe wako yuko kwa chama, mathe wangu yuko kwa chama. Watu kumi wanachanga, kila mwezi mmoja anapokea. Chama ambacho mtu yuleyule anapokea kila mzunguko si chama, ni watu tisa wanamlea mtu mmoja. Hakuna mtu atakuja kukupigania. Wataacha tu kuchanga, mmoja mmoja, kwa maneno mawili.

Suluhisho la kwanza watu hutupa mezani ni asilimia. "Badala ya 5, tupandishe asilimia 20." Inasikika kama haki, na hata mimi niliiunga mkono mwaka jana. Kisha nikaketi na kalamu. Palmer wa bob 3 ukimwongeza asilimia 20 na kuzungusha juu, anakuwa 4. Mwaka wa pili anakuwa 5. Haaland wa 58 anakuwa 70, halafu 84, halafu 101. Yaani yule aliyelipa bei halali mnadani anafinywa mpaka mchezaji mmoja anakula nusu ya pesa yake, na mimi wa bahati nasibu naongezwa bob moja moja kama mtu anayenunua nyanya. Asilimia inampenda mwenye kitu cha bei rahisi. Ukisikia mtu kwenye ligi yako anapigia debe asilimia, angalia kwanza ana nani kwenye kikosi chake.

Bob 5 nayo ina ugonjwa wa upande wake. Inaonekana inampiga wa bei rahisi, juu kutoka 3 hadi 8 ni kuruka zaidi ya mara mbili. Lakini shida haikuwa kasi ya kupanda. Shida ni umbali. Kutoka 3 hadi 44, ukipanda tano tano, utafika mwaka wa tisa. Palmer atakuwa amestaafu na sisi tutakuwa na watoto shule.

Kwa hivyo kitu ambacho sheria zote mbili zinakosa ni kwamba zinaangalia ulinunua bei gani, na haziangalii mchezaji ana thamani gani sai. Waliofikiria hili kwa pesa ya ukweli waliliona kitambo. Kwenye ligi ya kandanda ya Marekani, NFL, tangu 1993 timu inaweza kumzuia mchezaji mmoja asiondoke mkataba ukiisha. Lakini haimzuii kwa bei ya zamani. Kwa kawaida inamlipa wastani wa mishahara mitano mikubwa ya nafasi yake, ama asilimia 120 ya mshahara wake wa mwaka uliopita, ile iliyo kubwa kati ya hizo. Unataka kubaki naye? Sawa, lakini soko litakuwa mezani na nyinyi.

FPL yenyewe pia hufanya hivyo mbele ya macho yetu. Palmer alianza msimu wa 2023/24 kwa 5.0. Msimu uliofuata wakamfungua kwa 10.5. Haaland alianza 11.5, akawa 14.0, halafu 15.0. Hawakuuliza mtu. Na kuna ile sheria ambayo wote tumeilalamikia: ukinunua mchezaji kwa 5.0 akapanda hadi 5.4, ukimuuza unapata 5.2. Nusu ya faida ni yako kwa kuwa na jicho, nusu inarudi kwa mchezo. Tumekuwa tukiitukana kila wiki na kumbe jibu letu lilikuwa hapo.

Pendekezo langu ni hilo: nusu kwa nusu.

Inafanya kazi hivi. Chukua bei uliyolipa msimu uliopita. Chukua bei ya soko ya mtu wa kiwango chake. Zijumlishe, gawanya kwa mbili, zungusha juu. Hiyo ndiyo bei mpya. Bei ya soko tunaipata bila kubishana: kama mchezaji alimaliza kati ya watano bora wa nafasi yake kwa pointi, tunatumia wastani wa bei tano za juu za nafasi hiyo kwenye mnada wetu uliopita. Akimaliza kati ya wa sita na wa kumi na tano, wastani wa bei kumi zinazofuata. Wengine wote, ile bob 5 yetu ya zamani. Na hiyo 5 inabaki kuwa sakafu: hakuna wa kubaki anayeongezwa chini yake.

Kwetu viungo watano wa bei ya juu walikuwa na wastani wa 44. Palmer wangu angekuwa (3 + 44) kugawa mbili, 24. Mwaka wa pili, 24 na 44, anakuwa 34. Mwaka wa tatu, 39. Angalia venye inashuka taratibu: mwaka wa kwanza nafaidika bob 20, wa pili 10, wa tatu 5. Jicho langu limelipwa, lakini halilipwi pensheni. Na Haaland wa 58? Hesabu ya nusu ingemleta chini, kwa hivyo sakafu inashika, anaongezwa 5 tu kama kawaida. Aliyelipa bei ya haki haguswi.

Juu ya hiyo, misimu mitatu ya kumbakisha mtu ikiisha, anarudi mnadani. Hata mfalme. Mnada ndio siku tamu kuliko zote kwenye ligi yetu, na kila nyota anayefungiwa kabatini anaipunguza utamu.

Najua mtasema nini. Najua kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nasema.

"Lakini mtu aliyegundua kipaji anastahili zawadi." Kweli kabisa. Ukienda Camp Toyoyo pale Jericho, ama Koth Biro kule Ziwani, utaona wazee wanaweza kukuambia dogo gani atafika mbali kabla hajavaa viatu vya maana. Jicho ni kitu. Lakini wacha niwaambie ukweli wa Palmer wangu, ambao sijawahi kuusema kwenye group.

Ijumaa ile ya Septemba 2023, dirisha la dau lilifungwa saa mbili usiku. Mimi niliweka bob 3 saa moja na dakika hamsini na nane. Sikuwa nimechambua chochote. Nilikuwa na nafasi moja tupu na jina lake lilikuwa juu kwenye orodha. Saa mbili na dakika moja, yule jamaa wa Kayole akatuma dau lake. Bob 6. Data ilikuwa imeisha, alikuwa kazini kwa mat, alingoja mpaka stage ndio mtu amwashie hotspot. Yeye ndiye alikuwa amemfuatilia Palmer. Alikuwa ameandika kwenye group wiki nzima kwamba huyo dogo akipewa penalti Chelsea itakuwa hadithi nyingine. Katibu akasema saa ni saa. Sheria ni sheria. Nikakubaliana naye haraka sana.

Kwa hivyo zawadi ya jicho ilikwenda kwa mtu asiyekuwa na jicho, na ikaendelea kulipa miaka miwili. Sisemi dakika moja irudishwe. Saa ni saa. Nasema sheria nzuri ya mshahara ingefanya ile dakika imgharimu msimu mmoja, si urafiki.

"Huwezi kubadilisha sheria katikati." Hili ndilo pingamizi linalonishika zaidi, na sitalipuuza. Katibu wetu alimnunua Chris Wood bob 1 Agosti iliyopita. Bob moja! Wood akafunga 20. Kwa sheria ya sasa anambakisha kwa 6. Kwa sheria yangu angekuwa 21. Akaniuliza, "Mimi nilipanga kikosi changu nikijua ni 6. Sasa juu wewe umeshinda mara mbili ndio umeona sheria ni mbaya?" Na ana haki.

Hapa ndipo naileta keja yetu kwenye hadithi. Mathe amekaa kwa plot yetu Umoja tangu 2009. Kuna jirani aliingia juzi, nyumba ileile, vyumba vilevile, na analipa zaidi yetu. Kwa hivyo kusema kweli sisi ndio Palmer wa hiyo plot. Siku moja ujumbe ukaingia kwa simu: kuanzia mwezi ujao, elfu tatu zaidi. Siku saba kabla. Mathe hakubisha kwamba bei ziko juu, yeye ndiye hununua unga, anajua. Alisema tu, "Kupanda najua. Lakini hii si kupanda, ni kusukumwa." Na mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu inayofanana na hiyo. Karo si kwamba ilikuwa kubwa tu. Ni kwamba kila muhula nilikuwa sijui itakuwa ngapi, na huwezi kupanga maisha na namba inayohama.

Ndiyo maana nasema nyongeza yoyote ya haki ina vitu vitatu. Iwe inafuata thamani, si bahati. Iwe na hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Na itangazwe mapema kabla ya kuuma. Tukipitisha nusu kwa nusu mnada ukiwa mlangoni na kuianza siku hiyohiyo, tutakuwa tumemfanyia katibu kile tulichofanyiwa kwa keja.

Kwa hivyo tupige kura Jumamosi hii, Agosti 9, kabla mtu yeyote hajaita jina la mchezaji. Tukikubaliana, sheria ianze msimu wa 2026/27. Wood abaki 6 mwaka huu. Katibu apate msimu wake, na ajue mapema kinachokuja.

Lakini mtu anaweza kukubali kuumia mapema kwa hiari yake. Hakuna sheria inayokataza. Mimi Palmer wangu sitamlipia 13. Nitamlipia 34, bei ambayo angekuwa nayo kama tungekuwa na akili tangu mwanzo. Ni bob 21 natoa mfukoni. Salah wa 59 na Palmer wa 34 ni 93, na mnajua hiyo inamaanisha mabeki wangu watakuwa watu ambao hata mama zao hawawachagui. Ndiyo, nimeona venye Palmer aliwafunga PSG mawili kwenye fainali kule Marekani mwezi uliopita. Ndiyo, imeniuma kuandika hii aya. Nimeifuta mara mbili.

Nimemwandikia jamaa wa Kayole kando, si kwa group. Nimemwambia ukweli wa ile Ijumaa, kwamba sikuwa najua chochote kuhusu Palmer, na kwamba yeye ndiye alikuwa anajua. Nimemwambia thao yake mwaka huu si lazima aitume sai, akuje tu kwa mnada, tutapanga.

Ameona. Tiki mbili za bluu. Hajajibu.

Mnada ni saa nane mchana. Tumeacha kiti.